Mradi wetu wa alizeti unafungwa Septemba: mashine itabaki ya nani?

Swali

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti mkoani Dodoma. Tuko 32, wanawake 19 na wanaume 13. Miaka mitatu iliyopita shirika moja lilituletea mradi. Tulipewa mashine ya kukamua mafuta pamoja na mota na chujio, wanasema vyote viligharimu shilingi milioni 14. Tukajengewa ghala, tukapewa mizinga 20 ya nyuki na bustani ya mfano ya umwagiliaji wa matone. Mashine tumeitumia misimu miwili. Kila msimu tunakamua kama magunia 1,200, tunatoza 3,000 kwa gunia, na mwenye alizeti anaondoka na mafuta na mashudu yake. Kwa mtu binafsi pale njia panda ni 6,000. Umeme unatula kama 900 kwa gunia, mwendeshaji na msaidizi wake tunawalipa 1,200 kwa gunia, mlinzi 50,000 kwa mwezi. Matengenezo mpaka sasa unalipa mradi. Benki tuna 740,000. Sasa tumeambiwa mradi unafungwa mwezi wa 9. Tangu posho za vikao zisimame mwaka jana, tukiita mkutano wanakuja watu tisa au kumi. Mwenyekiti anataka tutafute mfadhili mwingine. Diwani anasema mashine ikabidhiwe kijiji. Wengine wanataka tuwe AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wengine tuuze tugawane. Na ghala liko kwenye eneo la mzee mwenzetu aliyelitoa kwa mdomo tu. Nifanye nini ili haya yasife mikononi mwangu?"

Jibu

Marahaba, ndugu katibu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limerudi kwenye maneno ya mwisho. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini kwa zaidi ya miaka 20, na wanaouliza swali hili kabla mradi haujafungwa ni wachache. Wengi huuliza mwaka mmoja baadaye, mashine ikiwa imefunikwa turubai. Wewe una msimu mzima wa kukamua mbele yako, na mradi bado upo. Huo ni mtaji.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Tumezoea kusema mradi fulani ulikufa kwa sababu watu hawakuwa na umoja, au viongozi walikula. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini nyingi kati ya mashine nilizoona zimesimama zilikuwa na viongozi waaminifu na wanachama wanaosalimiana vizuri. Siku moja kifaa kilikatika, bei yake ikawa laki nane, na kwenye akaunti kulikuwa na laki mbili. Basi. Ugomvi ulikuja baada ya hapo, kwa sababu watu wasipojua fedha zimekwenda wapi humtafuta mtu wa kulaumu, na wa karibu huwa ni katibu. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia diwani, mfadhili na AMCOS, tukae kwanza na hesabu zako.

Magunia 1,200 kwa shilingi 3,000 ni 3,600,000. Umeme ni 1,080,000, mwendeshaji na msaidizi 1,440,000, mlinzi kwa mwaka 600,000. Jumla ya matumizi ni 3,120,000, inabaki 480,000. Hapo ndipo kila mtu anaposema tumepata faida. Lakini kuna gharama mbili hazimo. Moja ni matengenezo ambayo mradi unawalipia: skurubu kubwa ya ndani inayominya mbegu, beringi, mikanda, vitambaa vya chujio. Kwa mashine ndogo inayokamua kiasi chenu mimi nakisia 700,000 kwa msimu. Fundi wenu anaijua vizuri zaidi, mkalisheni awape hesabu yake. Ya pili ni uchakavu. Mashine ya milioni 14, tukikadiria itawatumikia miaka 8, inajila 1,750,000 kila mwaka, iwe mmeiona au hamjaiona.

Ukiyaweka yote pamoja, kukamua gunia moja kunawagharimu kama shilingi 4,640. Ninyi mnatoza 3,000. Maana yake kila gunia linaloingia pale linaondoka na shilingi 1,640 za mashine, na kwa msimu mzima ni karibu milioni 2. Ile laki nne na themanini mnayoiita faida ni kipande cha mashine mnachokiuza polepole bila kujua.

Nimeona pia jambo jingine dogo. Misimu miwili kwa 480,000 ingekuwa 960,000, nawe umesema benki kuna 740,000. Sikunyooshei kidole. Umeandika "kama" magunia 1,200, na inawezekana kabisa tofauti hiyo ni nauli, makato ya benki au mwanachama aliyekopeshwa kwenye msiba. Lakini itafute hiyo 220,000 kwenye daftari kabla hujaitisha mkutano, kwa sababu kuna mtu mwingine atapiga hesabu hii hii mbele ya watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi kinachopotea nayo ni jina la aliyeishika.

Sasa, bei. Ushauri wangu ni 5,000 kwa gunia, kuanzia msimu huu huu, wakati mradi bado unabeba matengenezo. Mtakuwa chini ya njia panda kwa elfu moja, na mtabaki na kama 430,000 baada ya kulipa kila kitu pamoja na uchakavu. Ile 1,750,000 ya uchakavu iende kwenye akaunti yake peke yake, isiyoguswa bila sahihi tatu na muhtasari wa mkutano. Na kwa kuwa mashine ya miaka 8 ijayo haitauzwa kwa bei ya leo, hiyo 430,000 nayo nusu yake iende huko huko.

Utaambiwa: "Mashine ni yetu, mbona tulipe kama wageni?" Hoja hiyo ina haki ndani yake, usiipuuze. Jibu lake ni kwamba mwanachama alipe 5,000 kama kila mtu siku ya kukamua, kisha mwisho wa msimu, mahesabu yakishasomwa na akiba ya uchakavu ikishawekwa, kilichobaki kigawiwe wanachama kwa idadi ya magunia ambayo kila mmoja amekamua. Hivyo ndivyo vyama vya ushirika vinavyofanya, na ni haki zaidi kuliko bei nafuu. Bei nafuu humnufaisha mwenye magunia 80 leo, na ikifika siku ya kununua beringi, mjane mwenye magunia manne anaombwa mchango sawa na wake.

Ujue pia mpaka wenu uko wapi. Kwa bei ya 5,000, kila gunia linaacha 2,900 baada ya umeme na malipo ya mwendeshaji. Ili kulipa mlinzi, matengenezo na uchakavu mnahitaji kama magunia 1,050. Mko juu yake, lakini kidogo tu. Kwa hiyo vijiji jirani wanaokwenda njia panda ni watu wenu wa kutafuta, na elfu moja ya tofauti ndiyo barua yenu ya mwaliko. Mwaka wa ukame, ambao Dodoma hatuuiti mgeni, magunia yakishuka hadi 700 bado mtaweza kumlipa mlinzi na fundi, na mashine itachakaa taratibu kidogo. Yakishuka chini ya 450, hata hayo mawili hayalipiki. Mwaka huo fungeni, mpake grisi, mlinde, msikope kuendesha.

Haya unayoyapitia nchi nzima imeshayapitia. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi, lengo likiwa 1991. Maji yalikuwa bure. Pampu zilisimikwa, nyingi kwa fedha za wafadhili, na mafuta na vipuri vikasubiriwa kutoka juu. Mwaka 1991 ulipofika pampu nyingi zilikuwa kimya, na sera ya maji ya mwaka huo ndiyo iliyoanza kusema mwananchi achangie. Leo chini ya sheria ya maji ya mwaka 2019 na RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyombo vya watumia maji vinatoza kwa ndoo. Bibi anayelipia ndoo kisimani analipia pia pampu ijayo. Gunia lenu ni ndoo ile ile.

Nije kwenye swali la mashine ni ya nani, kwa sababu hapa umeniogopesha kuliko penye fedha. Hujasema popote kwamba mna karatasi. Kama mradi utafungwa kwa hafla na picha bila barua ya makabidhiano, mashine hiyo haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huchukuliwa na mwenye sauti kubwa. Mwandikieni meneja wa mradi wiki hii, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na kwa mtendaji wa kijiji, mkiomba barua inayotaja jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, kila kifaa na namba yake iliyogongwa kwenye kibati, tarehe ya kukabidhiwa, na masharti kama yapo. Masharti yaulizeni kwa mdomo pia. Wafadhili wengi hukataza kifaa kuuzwa kwa miaka kadhaa, na wale wanaotaka tuuze tugawane wanapaswa kulijua hilo kabla ya kupiga kura.

Nilipokuwa mgeni kazini, kijiji kimoja mkoani Singida kilikuwa na mashine ya kusaga iliyoletwa na mradi mmoja. Nilikuta akina mama wamepanga foleni za debe hadi barabarani, kazi ilikuwa nzuri. Mradi ukaondoka. Baada ya miezi michache akaja mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi zamani, akasema mota ile ilinunuliwa kwa jina lake, na risiti anayo. Kweli ilikuwa na jina lake, kwa kuwa siku ya kununua duka lilitaka jina la mtu na yeye ndiye aliyekuwa amesimama kaunta. Alibeba mota mchana kweupe, na sisi maofisa tulisimama tukitazama. Ghafla watu wakarudi kutwanga. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga mradi bila kusoma risiti moja moja.

Ghala sasa. Huyo mzee ni mtu mwema, na wema wake hauna shida yoyote mpaka siku atakapofariki. Wanawe hawakuahidi kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi cha wanakijiji kumiliki ardhi kwa hakimiliki ya kimila, kwa hiyo njia ipo. Kaeni naye akiwa na mke wake na watoto wake wakubwa, kwa heshima, nyumbani kwake. Wakikubali, andikeni makubaliano, pimeni eneo kwa hatua na kuonyesha mipaka kwa majirani, mpeleke ombi halmashauri ya kijiji, nayo ilifikishe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mke asiachwe kwa sababu yoyote, ridhaa yake ni ya lazima na ni haki. Kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, ombeni hati kabisa. Kama hakina, muhtasari wa mkutano wenye sahihi na mihuri ni ngao ya kuanzia. Na kama familia itasema haitoi eneo ila itapangisha, kubalini na muandike mkataba wa miaka mingi. Kodi ndogo yenye karatasi ni salama kuliko zawadi ya mdomo.

Kuhusu diwani, usimfanye adui. Anachosema kina mantiki kisheria: halmashauri ya kijiji ni chombo kinachoweza kumiliki mali na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake, jambo ambalo kikundi chenye cheti cha kawaida cha halmashauri ya wilaya hakilifikii moja kwa moja. Shida iko kwenye uendeshaji. Viongozi wa kijiji huchaguliwa kila miaka mitano, kazi zao ni nyingi, na mashine inataka mtu anayeamka akijua bei ya beringi. Mzee yeyote aliyeishi vijiji vya ujamaa anakumbuka mashine ya kijiji iliyokuwa ya wote, na ilipoharibika kila mtu alimngoja mwingine. Mpeni diwani kitu anachoweza kusimama nacho kwa wananchi: kiasi kidogo kwa kila gunia, tuseme shilingi 100, kiende kwenye shughuli ya kijiji itakayokubaliwa mkutanoni. Nanyi mpewe muhtasari wa halmashauri ya kijiji unaotambua kwamba mashine ni ya kikundi.

AMCOS watu huitaja kana kwamba ni cheti cha kufaulu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawapa uzito halisi: mnakuwa chombo kinachomiliki kwa jina lake, na mrajisi anasimama nyuma yenu. Kwa idadi mnatosha. Lakini uzito huo una bei. Mtatakiwa kuwa na bodi, vitabu vinavyokaguliwa, makisio ya kila mwaka, na hata madeni mnayoweza kuchukua yatawekewa ukomo na mrajisi. Kikundi kinachopata watu kumi mkutanoni hakijafika hapo. Mimi ningesema msimu mmoja mjiendeshe kana kwamba ninyi ni AMCOS, kwa vitabu na mikutano, kisha mwakani mwiteni afisa ushirika wa wilaya aone kama mnastahili, au kama ni nafuu kujiunga na AMCOS iliyopo jirani ikiwa ina sifa njema. Ulizeni wanachama wake wa kawaida, viongozi wataisifu tu.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukuitaja, ila najua itatajwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Ni deni lakini, hurudishwa. Kikundi chenu cha mchanganyiko huenda kisikidhi vigezo, ila wanawake 19 wanaweza kuunda kikundi chao, wakanunua alizeti wakati wa mavuno, wakakamua kwa 5,000 kama wateja wengine na kuuza mafuta. Wasinunue nyingi kwa pupa. Waliojaza stoo kwa bei ya juu kabla ya msimu wa 2022/23 waliona bei ikiporomoka na hasara wakaibeba wenyewe.

Mwenyekiti naye, na mfadhili wake mwingine. Kutafuta msaada si dhambi. Ila mfadhili makini atakayefika ataomba cheti, karatasi za ghala, vitabu vya misimu miwili na bei inayojilipa, yaani haya haya tunayozungumza. Kwa hiyo kazi yenu na ya mwenyekiti ni moja mpaka hapo. Na msimngoje. Kikundi kinachongoja mgeni hakipandishi bei, hakitafuti wateja, na mashine yake haichomekwi.

Kuuza na kugawana nisikufiche, kuna vikundi nimewashauri hivyo. Kama magunia yenu yangekuwa 500 kila mwaka ningesema uzeni mapema kabla haijawa chuma chakavu. Kwenu hapana. Hata mkipata nusu ya bei, milioni 7 kwa watu 32 ni kama 218,000 kwa mtu, na kuanzia mwezi unaofuata wote mnabeba magunia kwenda njia panda kulipa 6,000, ambayo mwenye mashine anaweza kuipandisha mkishaondoka sokoni.

Kuna njia ya tano ambayo hakuna aliyekutajia: kumkodishia mashine mtu mmoja mwenye ujuzi, pengine huyo huyo mwendeshaji wenu, kwa kiasi maalumu kwa gunia, ninyi mkabaki wenye mali na wakaguzi. Inafaa pale wanachama wanapochoka mikutano lakini hawataki kupoteza mali. Hatari yake ni kwamba mkodishwaji hukamua mpaka skurubu iishe, kwa hiyo mkataba useme nani anabadilisha nini na lini.

Mizinga wapeni wanachama wanaoikagua kweli, kila mmoja aandikishe yake na kutoa sehemu ya asali kikundini. Bustani ya matone iacheni ife kama haina mtu aliyeipenda. Naona hilo litakuuma kwa sababu picha zake ndizo zilizopendeza, lakini si kila kilicholetwa kinafaa kubebwa. Kule Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI ulianza mwaka 1986 na kufungwa 2004, na ngitili zilibaki baada ya maofisa kuondoka. Zilibaki kwa sababu Wasukuma walikuwa na ngitili tangu mababu, malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi, na sheria zake zilikuwa zao na mabaraza yao. Mradi uliwarudishia nguvu ya kitu walichokijua. Kwenu, alizeti mlikuwa mnalima kabla shirika halijaja. Neli za matone hakuna aliyeziota.

Sasa hao watu kumi mkutanoni. Usiwakasirikie wengine 22. Posho ilifundisha kila mtu, bila kukusudia, kwamba mkutano ni kazi ya mradi na mwanachama ni kibarua wake. Posho ilipoisha, kibarua akaenda shambani. Hotuba hazitamrudisha. Kinachorudisha watu ni fedha yao wenyewe kuwa mezani. Mwaka 1991 huko Maradi, Niger, wanawake walianza vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huo ulisambaa sehemu nyingi za Afrika, na leo vikundi vingi huweka hisa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, na kila senti ikihesabiwa mbele ya wote. Unganisheni siku ya hisa na siku ya kikao cha mashine: kwanza sanduku lifunguliwe, hisa ziwekwe, mikopo irejeshwe, kisha kabla halijafungwa usome magunia ya wiki, umeme wa LUKU ulionunuliwa na salio. Hutaita mkutano kwa kipaza sauti tena. Kikundi cha kukopeshana kinatakiwa kusajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaongoza bila shida.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyatibu. Mota ikichemka kiasi cha kushindwa kuiwekea mkono, au taa zikififia mashine inapowashwa, zimeni na mmwite fundi umeme siku hiyo hiyo. Kwa skurubu na vipuri, SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo, wana watu wa kuja kuona. Kama familia ya mzee itaanza kugawanyika juu ya eneo, msibishane kwenye vilabu, nendeni kwa mwanasheria wa halmashauri au msaidizi wa kisheria aliye karibu mapema, kabla ya mtu kujenga ukuta. Mkitaka kuuza mafuta kwenye chupa zenye jina lenu, ongeeni na SIDO na TBS, shirika la viwango, kabla ya kuchapisha lebo. Na kama ile 220,000 haitapatikana kwenye daftari na kuna mtu anakataa kueleza, mwite afisa maendeleo ya jamii wa kata awe shahidi wa mkutano, usilibebe peke yako.

Kabla msimu haujaanza, ombeni jambo moja kwa mradi. Fedha zilizotengwa kwa fulana na kofia za hafla ya kufunga, waombeni wazigeuze skurubu moja ya akiba na seti ya beringi, ziwekwe ghalani kwenye mafuta. Wengi hukubali wakiombwa kwa barua na mapema. Kujua kama skurubu iliyopo imeshaliwa ni rahisi: siku ya kwanza ya kukamua chukua mashudu yakitoka, yaache yapoe kidogo, uyaminye kiganjani. Yakiwa vipande vyembamba na vigumu vinavyovunjika kwa mlio, bado ni nzima. Yakiwa manene na laini, na kiganja kikabaki kinang'aa mafuta, basi mnatupa mafuta ya watu kwenye mashudu, na wateja wa njia panda wataligundua hilo kabla yenu.

Kesho ukipita kiwandani, chukua kalamu na kitambaa, futa vumbi kwenye kibati cha mota na kile cha mashine, uandike namba zote mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Barua ya makabidhiano ikija, zilinganishe kabla mtu yeyote hajaweka sahihi, kisha niandikie kama zimelingana.